Fundo Lililolala Kushoto

Ingieni wote, na mlango wa barabarani muuache wazi, na hilo dirisha msilifunge hata kama upepo unaingia, maana leo nataka kusikia ya nje kuliko ninavyotaka joto. Kitinda mimba wangu, njoo ukae hapa kitandani uniinue kichwa. Wewe wa kati, kaa kwenye kile kigoda changu cha kusokotea. Kitakuumiza mgongo, lakini mimi kimeniumiza umri wangu wote na sikukitupa. Na wewe, mwanangu wa kwanza, usisimame hapo mlangoni kama mtu anayesubiri gari. Hutaki kukaa? Haya, simama, ila usiondoke, kwa sababu nina neno na kila mmoja wenu na la kwako nimeliweka mwisho. Daktari anasema ni mapafu, nami namwitikia tu, "Ndiyo, daktari," asije akajiona amesoma bure, ila ninajua mwenyewe kilichojaa humu kifuani.

Mnakisikia kile kitanda cha kufumia cha mfumaji ng'ambo ya barabara? Ta, ta, kimya, ta. Kimya kile ni pale anaporusha uzi upite. Nimelala hapa nakisikiliza kama wengine wanavyosikiliza redio. Kisikilizeni na ninyi, tutakirudia.

Nimekwisha kusali. Nimemwomba Mwenyezi Mungu anisamehe kiburi changu, na wivu wangu kwa wifi yangu ambaye uzi wake haukuwa mbaya kama nilivyotangaza, na ulimi wangu huu ambao nyote mmeuonja. Shule sikufika mbali. Niliishia pale pa kusoma kitabu cha sala kwa kufuata kidole, nikatolewa nikapewa sufu. Kwa hiyo nitawausia kwa sufu. Sijui njia nyingine.

Baba yenu, Mungu amrehemu, alikuwa mkata manyoya, na katika kazi hiyo tu ndimo alimokuwa na subira. Alimlaza kondoo kama unavyomlaza mtoto mwenye homa, akaanza tumboni, akazunguka ubavuni hadi mgongoni, na manyoya yakamtoka yote kwa pamoja kama koti. Akiyaleta uani nayatandaza, naanza kuchambua: ya tumboni na ya miguuni kando, yaliyogandamana na kinyesi kando, miiba naitoa mmoja mmoja, hadi yabaki ya mabegani na ya mgongoni, marefu, yenye mawimbi, na mafuta ya kondoo yanang'aa vidoleni. Wanawake wa mtaa walikuwa wakiniuliza, "Mikono yako unaipaka nini mbona laini hivyo?" Nikawajibu kwamba napaka kondoo. Wakadhani nina siri ninawanyima.

Wewe wa kati, weka simu chini. Huyo anayekuandikia hafi leo, ninayekufa ni mimi. Neno langu na wewe ni fupi. Ulipokuwa unaolewa ulinijia hapa uani, nimeshika sufu, ukasema, "Mama, siku hiyo usikae mbele, nakuomba, harufu ya kondoo itawafikia wakwe." Nikakaa nyuma. Nikakaa nyuma kabisa, karibu na masufuria, na mama mkwe wako ndiye aliyenifuata huko akaniuliza kwa nini nimejificha, nami nikamwambia mguu unaniuma. Nilikusokotea shali la harusi, ukalipokea, sijapata kukuona nalo. Sikulaani, mwanangu, na dawa unazoniletea nazinywa zote na zile chungu. Ila nilitaka ujue kwamba nilisikia, na kwamba harufu hiyo ndiyo iliyokusomesha hadi ukajua kuniambia inanuka. Nimekusamehe, bado panauma kidogo, na hicho kidogo nitakwenda nacho kwa Mungu, yeye atanionyesha pa kukiweka.

Niinue, binti yangu. Hapo. Nipe maji.

Sasa sikilizeni wote, maana hili ni urithi pia, ingawa halikatwi vipande. Sufu haioshwi kwa hasira. Maji yawe ya moto kiasi, uitumbukize, uiache ikae, uitoe polepole; ukiisugua au ukiitoa kwenye maji ya moto ukaitia kwenye ya baridi, inashikana yenyewe kwa yenyewe, inakuwa kipande kigumu kama kandambili, na hakuna mkono duniani utakaoichambua tena. Mafuta usiyamalize yote, acha kiasi, ndiyo yanayofanya uzi uteleze ukijisokota. Halafu uichane, uikunje vikunjo vyepesi, na ukikaa kwenye gurudumu mguu wako uwe na mwendo mmoja, na mkono wa mbele usiwe na pupa. Mkono wa mbele ukivuta kuliko unachopewa na wa nyuma, uzi unakatika. Na ukikatika, nawaambia kama nilivyowaambia mlipokuwa mnagombania nafasi kwenye magoti yangu, usiufunge fundo. Fundo katikati ya uzi ni kiraka cha mvivu. Mfumaji atalikuta, litakwama, litamkatia kazi. Zifumue ncha zote mbili hadi ziwe wazi kama zilivyokuwa kabla ya kusokotwa, zilaze moja juu ya nyingine, ndipo uzungushe gurudumu. Ncha moja ikiwa wazi na nyingine imefungwa, haishiki. Nimejaribu. Haishiki.

Fundo lina mahali pake pamoja tu, nalo ni kwenye kitita. Ukimaliza kupota nyuzi zako mbili kuwa uzi mmoja, unauzungusha kwenye kiwiko na kiganja, unakifunga kitita chako, na kila msokotaji ana fundo lake kama kila mtu alivyo na sauti yake. La kwangu ni la mizunguko miwili, mkia chini. La kitinda mimba ni lile la kupitisha katikati na kurudisha, mkia unalala kulia, tena anatumia uzi mwekundu kwa sababu alipokuwa mdogo alipenda makuu. Mfumaji alikuwa hafungui vitita vyetu kuvikagua. Anatazama fundo, basi. Alinunua uzi kwangu tangu masharubu yake yakiwa meusi, na siku niliyomwambia, "Tangu sasa fundo jekundu pia ni la nyumba hii," alilishika, akalitazama, akamwambia binti yangu, "Karibu kazini, fundi." Unakumbuka ulivyokimbilia chooni kulia?

Mwanangu wa kwanza. Limefika la kwako.

Wewe ndiye uliyekaa chini ya gurudumu hili kabla wenzako hawajazaliwa. Niliposokota ulikuwa unashika ukanda wa gurudumu, nakupiga kidole, unacheka, unashika tena. Ulijua mafundo yote. Ulikuwa unayafunga kwa mkono wako wa kushoto, maana wewe ni mashoto, na baba yenu alitaka kukubadilisha kwa fimbo, nikamwambia huyu ameumbwa hivi, mwache, aliyemuumba hakukosea. Nilikukinga. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nilikuwa naliita hilo methali ya watu wasio na mapenzi.

Mwaka ule wa mvua nyingi, kondoo wetu walipolowa na kifua kikaanza kunibana, mfumaji alipata kazi kubwa ya mwenye nyumba ya wageni, mablanketi ya vyumba vyote. Wewe ndiye uliyekuwa ukipeleka uzi kwa baiskeli, wewe ndiye uliyekuwa mdomo wetu. Ukamwahidi mfumaji uzi wote kwa haraka ambayo hata kondoo wenyewe wangecheka. Nikakuambia, "Baba, manyoya hayaharakishwi." Ukanijibu, "Mama, wewe sokota, mengine niachie." Nikakuachia.

Vitita vikatimia mapema. Nilishukuru Mungu kwa bidii ya binti yangu; nilidhani anasokota nikiwa nimelala. Na yeye alidhani vingine ni vya kwangu. Mablanketi yakafumwa, yakapelekwa, yakapendeza. Kisha yakafuliwa.

Hili hapa miguuni mwangu ni mojawapo. Lifunueni. Mmezoea kuliona, mnadhani ni la zamani tu, lina makunyanzi kama uso wangu. Litazameni vizuri. Hapa limerudi, limekaza. Hapa halikurudi, limevimba kama chura. Hapa limekaza tena. Uzi uliosokotwa kwa mkono ukiguswa na maji ya moto unarudi, ndiyo tabia yake, na mfumaji anajua kuuachia nafasi. Uzi wa kiwandani umeshapikwa dawa huko, ukiufua unakaa vilevile ulivyo. Ukivifuma viwili hivyo pamoja, kwenye duka havitasema kitu. Vitasema majini.

Mfumaji alikuja nalo begani. Tulikuwa mezani sote watatu, wewe wa kati ulikuwa kwa mumeo. Hakuketi. Alilitupa hili mapajani mwangu, akasema, "Dada, mtoto wako amenivua nguo mbele ya watu." Nikamuuliza yupi. Akatoa mfukoni kifundo chekundu, alichokikata kwenye kitita kilichobaki, akakiweka mezani mbele ya binti yangu. "Huyu fundi," akasema. Na ile "fundi" aliitema.

Binti yangu alikiinamia kile kifundo, akakitazama. Na wewe, mwanangu wa kwanza, tonge likiwa mkononi, ulisema mambo mawili ambayo nimeyasikia kila siku tangu hapo kama ninavyokisikia kile kitanda. La kwanza ulimwambia mfumaji, "Mzee, pengine ni maji ya huko, maji ya kisima yana mambo yake." La pili ulimgeukia mdogo wako, ukamwekea mkono begani kwa upole, ukamwambia, "Mdogo wangu, kama ulichoka, si ungeniambia nikusaidie?"

Alipoondoka mfumaji nilikiokota kile kifundo. Nilingoja mtoke. Nikakinusa. Uzi wangu unanuka kondoo aliye hai. Ule ulinuka mafuta yaliyoenguliwa juu ya maji ya kuoshea, yenye sabuni, yaliyopakwa juu kwa kitambaa ili udanganye pua. Nikafumua ncha: nyuzi tatu nyembamba, sawasawa zote, kama zimepimwa na shetani. Sisi tunapota mbili. Halafu nikalitazama fundo lenyewe. Lilipitishwa katikati, likarudishwa, jekundu, zuri kabisa, na mkia wake ulikuwa umelala kushoto.

Usiseme kitu. Umekaa kimya muda wote huo, kunyamaza kidogo tena hakutakushinda sasa.

Na wewe, kitinda mimba, mbona mkono wako haukutetemeka? Nimekuambia kaka yako alifunga uzi wa dukani kwa fundo lako, akakuvika kosa lake hadharani, na umenishikilia kichwa vilevile, kama mtu anayesimuliwa habari za jana. Nitazame. Nitazame usoni.

Ulijua.

Ulijua palepale mezani. Uliona mkia. Aha. Nami nikajiona ndiye mjanja peke yangu, mwenye kunusa nyuzi, kumbe sote wawili tulikaa humu, gurudumu katikati yetu, kila mmoja akimfichia mwenzake mtu yuleyule. Kwa nini hukusema, mwanangu? Uliogopa nitakufa? Haya, ninakufa. Ungesema tu.

Nisamehe wewe. Nilinyamaza kwa sababu nilisema moyoni nimpe muda, atakuja mwenyewe, mtoto niliyemzaa atakuja apige magoti. Na kila nilipomngoja yeye, uliyekuwa ukilipia ni wewe. Mfumaji hakununua tena uzi wa nyumba hii. Una mkono bora kuliko wangu, nalisema hili mbele ya Mungu na mbele ya wivu wangu mwenyewe, na uzi wako leo unajaziwa mito na watu wasiojua tofauti ya uzi na takataka. Ukipita barabarani mfumaji anainamisha macho kwenye kazi yake. Wasokotaji wadogo wanaambiana, "Usije ukafunga fundo la yule." Na kaka yako ana duka, lina kibao na kioo, anauza nguo za kiwandani, na mimi ndiye niliyeliombea duka hilo dua siku ya kulifungua.

Maji. Kidogo tu, nilowe midomo.

Sasa mali. Nyumba ni ya wote watatu na haiuzwi wakati binti yangu huyu anasokotea chumba cha nyuma. Akisema mwenyewe amechoka, hapo muulizane. Kondoo waliobaki ni wake, pamoja na gurudumu, machanuo na kigoda. Wewe wa kati, chukua kitanda hiki na kabati la baba yako, na lile shali ukilikuta kwako, livae siku ya kunizika. Ukae mbele.

Lakini gurudumu nimempa mtu asiye na jina, na gurudumu lisilo na jina ni kuni. Jina hilo silo la kwangu kulirudisha. Mtaniambia, "Mama, mwite mfumaji, mweleze." Nimelifikiria. Mama anayekufa akimtetea kitinda mimba wake, nani atamsadiki? Na tena, sikukuzaa, wewe hapo mlangoni, ili nije nikushitaki kwa jirani. Humu ndani nimesema mimi. Huko nje utasema wewe.

Kile kijiti cha kusokotea cha mama yangu, kile chenye kisahani cha mbao chini kinachozunguka kama pia, mnajua kwamba kwetu hupewa mtoto wa kwanza, awe anajua kusokota au hajui. Mmekuwa mkikitafuta, nimewasikia mkifungua makasha. Hakimo humu. Asubuhi nilimpa muuza maziwa akipeleke ng'ambo kwa mfumaji, kimefungwa kwenye kitambaa, na ujumbe wake ni huu: atakuja mtu kukichukua, akija msimamishe kazi umsikilize. Muuza maziwa ameniambia mfumaji hakuuliza ni nani. Alikipokea, akakiweka juu ya dirisha lake.

Radhi yangu, mwanangu wa kwanza, nimeifunga pamoja nacho. Sikukunyima. Nimeiweka mahali ambapo miguu yako inapajua, ng'ambo ya barabara, unaweza kufika kabla chai haijapoa. Ukirudi nacho, mdogo wako alifumue blanketi hili, uzi wangu aurudishe kwenye sufu na ule mwingine autupe, na mambo yaishie hapo, asikusute mtu. Usiporudi nacho, kijiti kibaki kwa mfumaji, na urithi wako ni hili blanketi. Walikunje vizuri wakupe. Ujifunike.

Usiniambie umeshatubu kwa Mungu. Mungu ni mwenye kusamehe, lakini Mungu hakununua uzi ule. Na usiniambie ni mambo ya zamani. Lipo miguuni mwangu, linanikwaruza sasa hivi.

Nani anatembea? Ni yeye? Mwacheni apite, msimshike mkono, msimwambie neno. Mwacheni.

Mmesikia mlango? Ni upi uliolia? Huu wa barabarani nimeuacha wazi makusudi, hauwezi kulia. Ulioliwa na kutu ni wa uani. Niambieni ukweli. Ni wa uani.

Pengine amezunguka. Kuna kipenyo pale kando ya tangi, mtu akiona aibu kupita mbele anaweza kuzunguka. Pengine.

Njooni karibu ninyi wawili. Nipeni mikono. Wewe wa kati... Mungu akupe watoto wasiokuonea haya. Na wewe, mkono huu, Mungu auhifadhi mkono huu, asiunyime kazi, fundo lake lilale kulia siku zote na watu walijue. Nawabariki kwa kila nilichosokota. Kwa kila kondoo aliyenivumilia. Mnizike kwa sanda nyepesi, sufu mwachieni aliye hai, na msilie kwa sauti, naomba. Msilie hata kidogo, mnanizibia.

Hajafika bado, ni mbali kidogo ukizunguka. Mfumaji akimwona atasimama. Atakiweka chini kile... kile cha kurushia uzi... na kitanda kitanyamaza. Nitajua. Sihitaji kuambiwa.

Nyamazeni.

Ta, ta... ta.

Mnasikia ninyi? Masikio yangu yamechoka, niambieni. Kimesimama?

Kinagonga bado.

Haya. Msifunge dirisha.